Kundi la ala za kupuliza: maana yake, na kazi ya anayeliongoza

Ala za kupuliza ni zile zinazolia kwa pumzi: filimbi, klarineti, saksafoni, tarumbeta, tromboni, tuba, na obo, ambayo ni jamaa ya zumari letu la pwani. Ongeza ngoma na matoazi, umepata bendi kama zile za polisi na jeshi. Basi kundi la ala za kupuliza lina tofauti gani na bendi?

Tofauti ni hesabu ya watu kwa kila sauti. Katika bendi kubwa, klarineti kadhaa hupiga nota zilezile, hasa kwa sababu bendi ikitakiwa kupiga muziki wa okestra, yaani kundi kubwa lenye fidla nyingi, klarineti ndizo hubeba kazi ya fidla. Katika kundi, kwa kadiri inavyowezekana, kila sauti ina mtu mmoja. Akinyamaza, sauti hiyo imekosekana. Akikosea, wote wamesikia.

Aliyeipa dhana hii sura yake ni Frederick Fennell, mpiga ngoma aliyezaliwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, akasoma na baadaye kufundisha katika chuo cha muziki cha Eastman, jijini Rochester. Mwaka 1951 aliugua homa ya ini, akalazwa, na kitandani ndipo alipopanga kundi lake. Mwaka uliofuata akalianzisha, likiwa na wapigaji wapatao 45. Akawaandikia watunzi barua kuwaomba kazi mpya, maana wakati huo nyingi zilizopigwa na bendi zilikuwa za maandamano ya kijeshi au za okestra zilizogeuzwa. Kwangu mimi barua zile zina uzito kuliko hata rekodi zake: kundi lisilo na muziki wake lenyewe lingebaki kuazima.

Sasa huyu anayesimama mbele. Namwita mwongozaji, kwa kuwa kondakta kwetu ni wa daladala. Watu humwona jukwaani akipunga kifimbo na kudhani kazi yake ndiyo hiyo. Kazi kubwa imeshafanyika mazoezini, na ni ya ualimu. Chukua jambo dogo: ala ikiwa ya baridi, sauti yake hushuka. Kwa hiyo wanafunzi hupuliza kwanza mpaka ala ipate joto, ndipo wanapatanisha sauti. Halafu mwalimu anawapa nota tatu za pamoja, anafumba macho, anasikiliza. Tarumbeta iko juu kidogo. Hamkemei mwanafunzi. Anamwambia aisikilize tuba iliyo chini yake, kisha aje mahali ilipo. Mtoto anajaribu, mara ya pili, ya tatu, na ghafla ule mtikisiko kati ya sauti mbili unatoweka. Chumba kizima kinasikia tofauti. Hapo amefundishwa kusikiliza, jambo ambalo katikati ya klarineti kumi angeweza kulikwepa miaka mitatu.

Ndiyo maana kazi hizi mbili, ualimu na uongozaji, hukaa kwa mtu mmoja. Fennell alizifuata mpaka uzeeni: kuanzia mwaka 1965 alifundisha Chuo Kikuu cha Miami, akaandika makala za kuchambua kazi za bendi, sehemu kwa sehemu, ili waongozaji wengine wazitumie, na mwaka 1984 akaenda Tokyo kuongoza kundi la Kosei. Alifariki mwaka 2004, akiwa na miaka 90.