Wadudu Weupe wa Ziwa: Tunayoyaamini na Ukweli Wenyewe

Asubuhi moja pale Dunga, Kisumu, nilichota maji ya ziwa kwa chupa ya plastiki nikaiinua juani. Ndani mlikuwa na vitu vyeupe, vidogo kuliko punje ya wimbi, vikirukaruka. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena akachungulia, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hayo maji yameoza. Huoni wadudu?" Nikamwambia, "Mama, hao ndio wanaolisha omena zako." Hakuniamini, wala sikumlaumu. Nami nimekua nikisikia hivyo hivyo.

"Maji yenye wadudu ni machafu"

Hao ni zuplanktoni, wanyama wadogo wanaoelea majini. Katika Ghuba ya Winam wako wa makundi matatu makubwa: kopepodi (wenye papasi ndefu kichwani), kladosera (yaani viroboto wa maji), na rotifa (ambao bila hadubini huwaoni). Wanakula mwani na bakteria, nao wanaliwa na omena na samaki wengi wakiwa wachanga, hata mbuta. Ukiwaondoa, jiko la Kisumu litalia njaa.

"Basi wakiwa wengi, ziwa ni zima"

Hapa ndipo wengi tunapopotoka, hata waliosoma. Maji taka ya mjini na mbolea inayosombwa na mito kama Nyando huingiza fosforasi na naitrojeni ziwani. Mwani hustawi, na rotifa wanaovumilia maji mazito huzaana upesi sana. Tone moja chini ya hadubini linaweza kujaa wanyama, kumbe karibu wote ni ndugu wa aina moja au mbili. Kladosera wakubwa, wachujaji hodari wa mwani, huwaoni.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza wako wa aina ngapi na ni akina nani, ndipo nihesabu. Hata hapo sikimbilii kuhukumu, kwa sababu samaki nao huchagua: humeza wale wakubwa kwanza, kwa kuwa ndio wanaoonekana. Kladosera wakiadimika huenda ni uchafu, huenda ni wingi wa omena, huenda ni yote mawili. Ndiyo maana anayepima ziwa hupima pia oksijeni, na huteremsha kwa kamba sahani ya rangi nyeusi na nyeupe mpaka ipotee machoni, ajue mwanga unafika kina gani.

Na kupima kemikali peke yake hakutoshi. Chupa ya maabara inakueleza maji yalivyokuwa saa ile ulipochota. Wanyama hawa wameishi humo kwa siku au wiki kadhaa, na yaliyopita yamewapata.

"Ukijani ni lishe ya samaki"

Mwani kiasi, ndiyo. Ule utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika ufukweni ni jambo lingine. Mara nyingi ni bakteria wa kijani-buluu, kama Microcystis, wanaoshikamana kwa madonge ambayo kopepodi mdogo hawezi kuyala. Wengine hutoa sumu inayodhuru ini. Wakifa na kuoza, oksijeni huisha, na samaki huelea.

"Ukichemsha, yote yamekwisha"

Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, na tuendelee kuchemsha. Lakini sumu ya Microcystis haivunjiki kwa moto wa sufuria; chembe za bakteria hao zikipasuka, sumu huzidi kumwagika majini. Maji yenye utando huo yasinywewe, hata yakichemshwa.

Kuna jambo wanalolijua wachache: vijidudu vya kipindupindu hujishikiza kwenye miili ya kopepodi. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kitambaa hakichukui nafasi ya moto wala ya klorini. Kwa nyumba isiyo na kuni za kutosha, hata hivyo, hiyo ni afueni kubwa.

"Gugu maji ndilo lililoharibu ziwa"

Gugu linaziba mwanga na kufungia mitumbwi, kweli. Ila linanenepa kwa fosforasi ile ile. Ling'oe leo, uache mifereji ya maji taka wazi, utalikuta tena.

"Ziwa lenye aina chache limechafuliwa"

Twende Nakuru. Ziwa lile lina magadi mengi, na pH yake, yaani kipimo cha ukali wa magadi au asidi majini, hukaribia 10 (maji ya kawaida ni kama 7). Wanyama wanaoweza kuishi humo ni wa aina chache mno, na ndivyo lilivyo kwa asili. Heroe wadogo walijaa pale kwa maelfu wakila spirulina, bakteria wa kijani-buluu waliostawi kwenye magadi hayo. Miaka ya karibuni maji yamepanda, magadi yamezimuka, na heroe wengi wamehamia kwingine, Ziwa Bogoria likiwemo. Leo ukichota maji ya Nakuru ukakuta zuplanktoni wa aina nyingi kuliko zamani, huenda unachokiona ni ziwa la magadi linalopoteza magadi yake.