Siku 12 za Mbu: Dhana Potofu Kuhusu Historia ya Homa ya Manjano

Historia ya homa ya manjano husimuliwa mara nyingi kwa mkato: zamani watu hawakujua lolote, akatokea daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Walter Reed, akagundua kwamba ni mbu, baadaye ikapatikana chanjo, na ugonjwa ukaisha. Kila kipande cha simulizi hiyo kina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inaaminika kwa urahisi. Ikichunguzwa kipande kimoja kimoja, hata hivyo, ni machache yanayobaki yamesimama.

Dhana: Walioamini hewa chafu walikuwa wajinga tu

Mwaka 1793 mji wa Philadelphia, ambao wakati huo ulikuwa makao makuu ya Marekani, ulipoteza watu wapatao 5,000 katika muda wa miezi michache, yaani takriban mtu mmoja kati ya kila kumi. Daktari Benjamin Rush aliulaumu mzigo wa kahawa uliokuwa ukioza bandarini. Maelezo hayo yanachekesha leo, lakini ni vyema kukumbuka alichokiona: ugonjwa ulianzia karibu na gati, ulishamiri wakati wa joto, ulikoma baridi kali ilipoingia, na mgonjwa aliyehamishiwa mashambani hakumwambukiza aliyemuuguza. Harufu ya uozo ilieleza mambo hayo yote kwa namna iliyoridhisha akili. Mbu huyaeleza vizuri zaidi, ila wakati huo hapakuwa na sababu yoyote ya kumshuku mdudu ambaye kila mtu alimwona kuwa kero tu. Rush alikosea vibaya zaidi upande wa tiba, kwa kuwatoa wagonjwa damu nyingi na kuwaharisha kwa dawa ya zebaki, na hapo ni vigumu kumtetea.

Miaka michache baadaye, katika mji huo huo, mwanafunzi wa udaktari Stubbins Ffirth aliazimia kuthibitisha kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kugusana. Alipaka matapishi meusi ya wagonjwa katika majeraha aliyojikata mwenyewe, kisha akayanywa, na hakuugua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1804 yalikuwa sahihi kwa sehemu, kwa kuwa homa ya manjano kweli haipiti kwa njia hizo, lakini hayakusema chochote kuhusu njia inayopita.

Dhana: Mwafrika huzaliwa na kinga

Dhana hii imeleta madhara makubwa kuliko zote. Katika mlipuko huo wa Philadelphia, Rush aliwasihi watu Weusi wa mji kuwauguza wagonjwa na kuwazika wafu akiamini kwamba ugonjwa hauwapati. Jumuiya iliyoongozwa na Richard Allen na Absalom Jones iliitika wito, na wengi wa waliojitolea wakaugua na kufa. Malipo yao yalikuwa kushutumiwa hadharani kwamba walijinufaisha kwa shida za wengine, tuhuma ambayo Allen na Jones waliijibu kwa maandishi mwaka 1794. Imani hiyo hiyo ilitumiwa pia kuhalalisha utumwa katika maeneo ya joto ya Amerika, kwamba eti maumbile yenyewe yalikuwa yamechagua nani afanye kazi huko.

Kilichoonekana kuwa kinga ya asili kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kinga iliyopatikana baada ya kuugua. Walioambukizwa homa ya manjano wengi wao huwa na dalili ndogo au hawana kabisa. Ni wachache, wapatao asilimia 15, wanaoingia katika awamu ya pili yenye umanjano wa macho na kutokwa na damu, na karibu nusu ya hao hufariki. Mtoto anayekulia mahali penye ugonjwa huu anaweza kuupata, akapona bila mtu kuutambua, na akabaki na kinga maisha yake yote. Mgeni anayewasili akiwa mtu mzima hana akiba hiyo. Pale ambapo virusi havijawahi kuenea, Mwafrika hufa kama mtu mwingine yeyote: mlipuko wa kusini-magharibi mwa Ethiopia wa 1960 hadi 1962 unakadiriwa kuwaua watu 30,000.

Dhana: Walter Reed ndiye aliyegundua kwamba mbu hueneza ugonjwa

Aliyetoa hoja hiyo ni Carlos Finlay, daktari wa Cuba, ambaye mwezi Agosti 1881 aliwaeleza wanasayansi wa Havana kwamba ugonjwa huchukuliwa na mbu wa aina moja mahususi, anayeitwa leo Aedes aegypti. Alimtaja mbu sahihi kati ya aina nyingi za mbu, miaka 19 kabla ya kuundwa tume ya jeshi iliyoongozwa na Reed kuchunguza ugonjwa huo. Hata hivyo hakuaminiwa, na kosa halikuwa la wasikilizaji peke yao. Finlay aliwaacha mbu wanyonye damu ya mgonjwa, kisha baada ya siku chache tu akawaacha wamuume mtu mzima wa afya, na mara nyingi hakuna kilichotokea. Nadharia ilikuwa sahihi, ila jaribio lilifanywa mapema mno.

Kiungo kilichokosekana kililetwa na mtu ambaye hatajwi sana. Mwaka 1898 Henry Rose Carter, daktari wa huduma ya karantini ya Marekani, alifuatilia mlipuko katika vijiji vya Mississippi, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali kiasi cha kuweza kujua nani alifika wapi na siku gani. Aligundua kwamba wageni walioitembelea nyumba ya mgonjwa wa kwanza katika siku za mwanzo waliondoka salama, ilhali waliofika wiki mbili baadaye waliugua, hata kama mgonjwa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Kulikuwa na kitu kilichokuwa kikipevuka nje ya mwili wa binadamu. Leo tunajua kwamba virusi huhitaji siku 10 hadi 12 hivi kuzaliana ndani ya mbu na kufika kwenye tezi zake za mate, na kwamba mbu huvipata tu akimnyonya mgonjwa katika siku tatu hivi za mwanzo wa homa. Finlay alikosa siku hizo kwa kutojua kwamba zipo.

Tume ya jeshi iliyofika Cuba mwaka 1900 ilikuwa na watu wanne: Reed, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte. Mayai ya mbu walipewa na Finlay mwenyewe. Tarehe 27 Agosti Carroll aliumwa na mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa siku 12 kabla, naye akaugua karibu kufa. Lazear aliugua mwezi uliofuata akafariki tarehe 25 Septemba, huku Reed akiwa Washington. Mchango wa Reed, nao ni mkubwa, ulikuwa kupanga jaribio lisiloacha mwanya wa ubishi. Katika kibanda kimoja watu walilala usiku 20 mfululizo juu ya matandiko yaliyochafuliwa na matapishi na kinyesi cha wagonjwa, wasiugue. Katika kibanda kingine, kisafi kabisa, chumba kiligawanywa kwa wavu wa waya. Aliyekuwa upande wenye mbu, John Moran, mmoja wa waliojitolea, aliugua siku ya Krismasi, na waliokuwa upande wa pili wakabaki wazima. Wahamiaji wa Kihispania walioshiriki katika majaribio hayo walitia saini hati iliyowaeleza hatari, wakalipwa dola 100 za dhahabu na nyingine 100 kama wangeugua. Hati hizo hutajwa leo kama mwanzo wa ridhaa ya maandishi katika utafiti, ingawa mtu anaweza kujiuliza mhamiaji maskini alikuwa na uhuru kiasi gani wa kuzikataa fedha hizo.

Dhana: Usafi wa mji uliumaliza ugonjwa

Havana ilijibu swali hili bila kukusudia. Baada ya vita vya 1898 kati ya Marekani na Hispania, utawala wa Marekani ulifagia mitaa na kuzoa taka, lakini mwaka 1900 homa ya manjano ikazidi kwa sababu wahamiaji wasio na kinga walikuwa wakimiminika mjini. Mwaka 1901 William Gorgas, daktari wa jeshi la Marekani aliyesimamia usafi wa mji, alibadili shabaha: alifunika mapipa ya maji, akamwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama, akawazungushia wagonjwa wavu na kufukiza nyumba zao. Kabla ya mwaka kuisha ugonjwa ulikuwa umetoweka mjini. Aedes aegypti hupenda maji safi ya mtungini kuliko mtaro mchafu. Wafaransa walipokuwa wakichimba mfereji wa Panama kati ya 1881 na 1889, hospitali yao iliyosifiwa kwa unadhifu iliweka miguu ya vitanda katika bakuli za maji ili kuzuia sisimizi, na hivyo ikafuga mbu chini ya wagonjwa wenyewe.

Dhana: Baada ya mbu kujulikana, mengine yote yalinyooka

Carroll alionyesha mwaka 1901 kwamba kisababishi hupenya kichujio kinachozuia bakteria, na huo ukawa ugonjwa wa kwanza wa binadamu kuthibitishwa kwamba unatokana na virusi. Pamoja na hayo, mwaka 1919 Hideyo Noguchi, mtafiti mashuhuri, alitangaza kwamba amekipata kisababishi na kwamba ni bakteria, na chanjo yake ikatumika kwa miaka kadhaa hadi watafiti wengine, Max Theiler akiwa miongoni mwao, walipoonyesha kwamba alikuwa ameuchanganya ugonjwa huu na mwingine unaofanana nao. Noguchi alikwenda Accra kujihakikishia, akafa huko kwa homa ya manjano mwezi Mei 1928. Mtafiti mwingine, Adrian Stokes, alikuwa ametangulia kufa kwa ugonjwa huo huo mjini Lagos mwaka 1927.

Kabla ya kifo chake, Stokes na wenzake walifanikiwa kuvipata virusi katika damu ya Asibi, kijana wa miaka 28 wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyeugua kidogo tu na kupona. Waliipandikiza damu hiyo kwa kima aliyetoka India, kwa kuwa kima wa Afrika kwa kawaida hawaonyeshi ugonjwa. Kutokana na virusi hivyo, Theiler, baada ya kuvikuza tena na tena katika tishu za kiinitete cha kuku hadi vikapoteza ukali, alipata chanjo ya 17D mwaka 1937, na Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Hata chanjo hiyo ilipitia msiba wake: mwaka 1942 dozi zilizotengenezwa kwa seramu (majimaji ya damu) ya binadamu ziliwaambukiza wanajeshi wa Marekani homa ya ini, na wapatao 50,000 wakaugua. Seramu iliondolewa katika utengenezaji.

Dhana: Ukiwaua mbu wa mjini, ugonjwa utatokomezwa

Matumaini haya yalivunjika mwaka 1932, mtaalamu wa afya wa Marekani Fred Soper na wenzake walipokuta mlipuko katika bonde la mashambani nchini Brazil ambako Aedes aegypti hakuwepo. Virusi vilikuwa msituni, vikizunguka kati ya kima na mbu wa juu ya miti. Afrika Mashariki ilitoa ushahidi wa kina zaidi kupitia taasisi iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1936. Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, watafiti waliopanda majukwaa mitini walimkuta Aedes africanus akiuma wakati wa machweo, pale kima wanapojikusanya kulala. Kisha kima hao hushuka kuiba ndizi, na mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayezaliana katika maji yanayokaa kwenye makwapa ya majani ya mgomba, huvipeleka virusi kwa mkulima. Hakuna anayeweza kumchanja kila kima msituni.

Dhana: Chanjo hudumu miaka 10 tu

Hiyo ilikuwa kanuni ya usafiri kwa muda mrefu, si kikomo cha kinga. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walihitimisha mwaka 2013 kwamba dozi moja hutosha kwa watu wengi, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha kimataifa huhesabiwa kuwa halali kwa maisha yote ya mwenye nacho. Mwaka huo huo mlipuko wa Angola ulivuka mpaka na kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na akiba ya chanjo, ambayo bado hukuzwa taratibu ndani ya mayai ya kuku, haikutosha. Mjini Kinshasa watu zaidi ya milioni 7 walichanjwa kwa sehemu 1 ya 5 ya dozi ya kawaida, na mlipuko ukazimika. Mbegu ya chanjo hiyo ilikuwa bado ile ile iliyotoka katika damu ya Asibi.