Eti mchora katuni anamaliza kwa dakika tano

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, gazeti likifika barazani wengi huanzia kwenye katuni. Watacheka, watabishana, halafu mmoja atasema: "Hiki kakichora dakika tano." Mimi nachora katuni za gazeti na zile za kutembea, yaani za filamu, na neno hilo naliona linavyowapoteza vijana wanaoitaka kazi hii.

Wino ndio unaokwenda mbio. Kabla yake umeshasoma habari za siku, umetafuta jambo moja linalosemeka kwa picha moja, umetupa rasimu nne au tano, na mhariri bado anaweza kukurudishia.

Kwenye katuni za kutembea wanasema kompyuta inachora yenyewe. Haya, mchukue muuza kahawa anayemimina kutoka kwenye dele, sekunde tatu tu. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Hata ukiuonesha kila mchoro mara mbili, unahitaji michoro 36. Kisha mkono ukisimama, mkono wa kanzu uendelee kidogo ndipo utulie. Na dele likielekea kwisha, kiwiko lazima kiinuke. Ukikosea hapo, dele linakuwa jepesi kama karatasi na mtazamaji analihisi hata kama hajui kwa nini. Programu inajaza rangi, inasaidia michoro ya kati, ile inayounganisha mkao mmoja na mwingine, lakini uzito wa dele lazima uujue wewe. Kiwiko hicho kilinichukua siku mbili.

Wapo pia wanaosema katuni ni za watoto; hao nadhani gazeti lenyewe linawajibu. Mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kulichorea Daily Nation la Nairobi mwaka 1992, na aliowachora ni marais na mawaziri.

Wala gazeti na filamu si kazi mbili zisizojuana. Winsor McCay wa Marekani alikuwa mchoraji wa magazeti alipotoa filamu yake ya kwanza ya katuni mwaka 1911, michoro ipatayo 4,000 kwa mkono. Mimi pia gazeti ndilo lililonifunza kupunguza mistari, na mchoro wa mistari michache ndio unaotembezeka.

Wazazi huniuliza kama mtoto atakula. Gazeti peke yake mara nyingi halitoshi. Tunajazia kwa vitabu vya skuli, mabango ya afya na matangazo. Mtoto mwenyewe namwambia achukue daftari na penseli, akae Darajani, awachore wanaoshuka kwenye daladala kabla hawajapotea kwenye umati.