Gundi ya pasi ni nini, na ipi inafaa kwa kiraka cha kujitengenezea

Gundi ya pasi ni plastiki inayoyeyuka kwa joto la pasi na kuganda ikipoa. Ikiwa ya baridi unaishika bila kukunata hata kidogo. Ikipata moto inalainika na kupenya kwenye nyuzi za kiraka na za nguo, na ikipoa inazishika. Kwa hiyo ukiinua pembe kuchungulia kiraka kikiwa bado cha moto, unaivunja kazi yako mwenyewe.

Ukiingia maduka ya vifaa vya cherehani pale Majengo, Dodoma, ukasema tu "nataka gundi ya pasi", unaweza kupewa kile kitambaa cha kukakamaza kola. Hicho sicho. Kina vidoti vya gundi upande mmoja tu: kitashika kiraka, halafu upande wa nguo hakuna kitu. Omba utando wa gundi unaonata pande zote mbili, hasa ule uliobandikwa kwenye karatasi. Unaupiga pasi nyuma ya kiraka, karatasi ikiwa juu, unasubiri upoe, unakata umbo, unabandua karatasi, kisha unakipiga pasi kwenye nguo.

Katika kuchagua, tazama nguo kwanza, kiraka baadaye. Pasi ya umeme ina alama za nukta: moja ni karibu nyuzi 110 za Selsiasi, mbili 150, tatu 200. Jinzi na kitenge cha pamba havina shida na nukta tatu. Poliesta inataka mbili. Nailoni na akriliki, moja. Sweta nyingi za shule ni akriliki, na gundi nyingi imara zinataka joto zaidi ya hapo. Nembo ya sweta, kwa maoni yangu, ishonwe tu.

Zipo gundi laini za aina ya EVA (plastiki laini) zinazoyeyuka hata chini ya nyuzi 100. Ni rahisi kubandika, ila maji ya moto yanazilegeza. Gundi za poliamidi (plastiki ya jamii ya nailoni) au poliesta zinavumilia kufuliwa zaidi. Kiraka kilichotariziwa kina mgongo wenye mabonde, kinahitaji utando mnene wa kuyajaza. Kwenye khanga utando huohuo utapenya na kuacha doa upande wa pili.

Mwenye pasi ya mkaa hana nukta za kufuata, basi ajaribu kwenye kipande cha pembeni. Nguo ifuliwe kwanza, maana vumbi letu na wanga vinazuia gundi kupenya. Weka kitambaa juu ya kiraka, kandamiza sekunde kumi hadi kumi na tano kila sehemu, usiburute.

Na kama kiraka ni cha goti la mtoto, itabidi kishonwe pembeni pia, kwa hiyo nunua utando mwepesi. Ule mnene unaganda kwenye sindano na kukata uzi.