Nani kamwiga nani? Dhana potofu kuhusu katuni za magazetini

Mtu akiona katuni mbili za gazeti zinashabihiana, hukumu huwa tayari mdomoni: huyu kamkopi yule. Nchini Marekani, ambako magazeti yamegombania wasomaji kwa katuni za hadithi zinazochorwa kwenye fremu, yaani visanduku, tangu mwishoni mwa karne ya 19, hukumu hiyo imetolewa mara nyingi, na mara nyingi imekosea.

Dhana: Zikifanana, mmoja wao ni mwizi

Watazame vijana wawili wa jimbo la Ohio, Noel Sickles na Milton Caniff. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wote walikuwa New York, wakilichorea shirika la habari la Associated Press. Sickles alikabidhiwa Scorchy Smith, katuni ya rubani, baada ya mchoraji wake John Terry kuugua kifua kikuu. Mwanzoni ilimbidi auige mkono wa Terry ili wasomaji wasishtuke. Terry alipofariki mwaka 1934, Sickles akaanza kuibadilisha katuni kidogo kidogo. Vijistari vyembamba vya kalamu vikapungua, burashi ikashika kazi, na weusi wa wino ukatanda kwa mapana. Ndege haikuchorwa tena bolti kwa bolti. Alichora kivuli na mwanga, jicho la msomaji likamalizia. Uso wa mtu ukawa nusu jua, nusu giza.

Caniff alikuwa akitumia studio moja na Sickles, na tarehe 22 Oktoba 1934 katuni yake Terry and the Pirates ikaanza kuchapishwa. Linganisha vipande vya miezi ya kwanza na vile vya miaka miwili baadaye, utadhani mchoraji amebadilishwa. Vya mwanzo ni safi na vya kitoto kidogo. Vya baadaye vina usiku, mvua na bandari za China zilizozama kwenye wino. Ni mbinu ya Sickles hiyo, na Caniff hakuwahi kuificha. Alimtaja rafiki yake waziwazi. Tena walikuwa wakisaidiana: Sickles akitia mkono kwenye michoro ya Terry and the Pirates, Caniff akichangia hadithi za Scorchy. Anayetafuta mwizi hapo atafute na mwenye mali.

Na kulikuwa na sababu ya kikazi ambayo wahakiki huisahau. Katuni ya kila siku haisubiri mtu. Jumatatu ikipita, Jumanne inadai. Burashi iliyojaa wino humaliza fremu upesi kuliko kalamu inayohesabu majani ya mti. Mtindo ulienea kwa uzuri wake, sawa, lakini pia kwa sababu uliokoa muda.

Dhana: Aliyeanzisha ndiye anayeigwa

Sickles aliacha Scorchy Smith mwaka 1936 akahamia kwenye michoro ya majarida. Caniff akabaki magazetini, akawa maarufu, na waliokuja nyuma wakajifunza kwake. Mwaka 1939 Scorchy Smith ikaangukia mikononi mwa Frank Robbins, aliyechora kwa mkono ulioelekea sana kwa Caniff. Yaani mtindo uliozaliwa ndani ya katuni ile ulitoka, ukajipatia jina kwa jirani, kisha ukarudi nyumbani kama mgeni. Kwa maoni yangu, hakuna mfano bora kuliko huu wa jinsi mambo haya yanavyokwenda.

Dhana: Lazima zifanane sura

Bill Watterson, aliyechora Calvin and Hobbes kuanzia 1985 hadi 1995, amezitaja katuni tatu zilizomjenga: Peanuts ya Charles Schulz, Pogo ya Walt Kelly na Krazy Kat ya George Herriman. Ukimweka mvulana Calvin kando ya Charlie Brown, mvulana wa Peanuts, sura hazifanani hata kidogo. Kilichohama ni mtoto anayezungumza kwa akili ya mtu mzima, na huzuni iliyofichwa ndani ya mzaha.

Krazy Kat ilikoma mwaka 1944 baada ya Herriman kufariki, zaidi ya miaka arobaini kabla ya Calvin kuanza, kwa hiyo hata kuishi zama moja si sharti. Katika katuni hiyo mlima hugeuka mti kati ya fremu moja na nyingine, na ukurasa wa Jumapili hupangwa apendavyo mchoraji. Watterson alipopata nafasi yake ya Jumapili isiyokatwakatwa na wahariri, mwaka 1992, uhuru huohuo ukaonekana kwenye kurasa zake.

Dhana: Michoro rahisi ni uvivu wa kumwiga Schulz

Hapa wahariri wanastahili lawama kidogo. Peanuts ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti 7, na iliuzwa kama katuni isiyokula nafasi: fremu nne zenye ukubwa sawa, ambazo gazeti lingeweza kuzipanga kwa mlalo, kwa wima au mbili juu mbili chini. Kwenye kisanduku kidogo hivyo, mistari michache ndiyo inayosomeka. Nafasi za katuni zilipozidi kubanwa, wengine nao wakapunguza mistari.

Dhana: Kuathiriwa ni kupenda

Berkeley Breathed alianza Bloom County mwaka 1980 akiwa na deni kubwa kwa katuni ya Doonesbury ya Garry Trudeau, na amelikiri. Lakini ndani ya katuni hiyohiyo yumo Bill the Cat, paka mchafu anayening'iniza ulimi nje, aliyebuniwa kumdhihaki Garfield, paka wa katuni nyingine maarufu. Kukerwa na katuni ya mwenzio nako huacha alama.

Dhana: Mahakama itaamua

Rudolph Dirks alianzisha The Katzenjammer Kids mwaka 1897 kwenye gazeti la William Randolph Hearst, akichota kwa Max und Moritz ya Mjerumani Wilhelm Busch ya mwaka 1865. Alipogombana na Hearst, kesi iliisha kwa Hearst kubaki na jina la katuni, na Dirks kuruhusiwa kuwachora wahusika walewale kwa jina jingine. Alihamia gazeti la Pulitzer, mshindani wa Hearst, na kwa Hearst nafasi yake ikachukuliwa na Harold Knerr. Katuni hizo mbili zikaendelea sambamba kwa zaidi ya miaka 60, watoto watukutu walewale, kila mmoja akiwachora kivyake.