Moyo wa Mama Nao Una Mishipa

"Daktari, mpime mzee. Mimi sina shida, moyo ni ugonjwa wa wanaume."

Anayesema hivyo ndiye aliyebeba mkoba wa dawa za mzee na anayejua presha yake ya wiki nzima kwa kichwa. Muulize yake, anacheka. Hapa Nairobi nayasikia maneno hayo kwa wauza mboga na kwa mameneja wa benki vilevile, na yamenichosha.

Magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kwa kuua wanawake duniani. Kinachowapotosha watu ni umri. Mwanamume kwa kawaida hutangulia kuugua. Mwanamke husaidiwa na estrojeni, homoni ya kike, ambayo hulisaidia ini kuondoa LDL, kolesteroli mbaya inayoziba mishipa, kwenye damu, na HDL yake, ile iitwayo kolesteroli nzuri, kwa kawaida huwa juu kuliko ya wanaume wa rika lake. Hedhi ikikaribia kukoma, nafuu hiyo inaisha na LDL inapanda, hasa katika miezi inayozunguka hedhi ya mwisho. Halafu mama wa miaka 55 ananiletea karatasi ya maabara aliyopewa akiwa na 42, imekunjwa mpaka wino umefifia: LDL 2.8. Tunapima upya, 4.4. Ananitazama kana kwamba mashine ndiyo mbovu.

Kuna na la uzazi. Aliyewahi kupata presha ya mimba au kisukari cha mimba yuko katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye. Mwambie daktari hata asipouliza, na wengi hatuulizi. Mshtuko wa moyo nao, ingawa kifua huuma kwa wanawake pia, unaweza kuja kama kukosa pumzi, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, au maumivu ya taya na mgongo. Mama anakwenda duka la dawa kununua ya asidi.

"Mimi ni mwembamba." Ini halikupimi kiuno. Wapo wembamba waliorithi LDL ya kutisha.

"HDL yangu iko juu, nyama choma haina neno." Mwaka 2006 majaribio ya torcetrapib, dawa ya kupandisha HDL, yalisimamishwa: HDL ilipanda vizuri sana, na vifo vikaongezeka.

"Mafuta haya hayana kolesteroli, imeandikwa." Mafuta ya mimea hayakuwa nayo ya maana tangu shambani. Ya mawese yaliyoganda bado hupandisha LDL.

Siku hizi naulizwa pia kuhusu klotho, "protini ya ujana". Ilitangazwa na watafiti wa Japani mwaka 1997. Panya walioikosa walizeeka upesi. Hutengenezwa zaidi kwenye figo na hupungua kadiri umri unavyosonga. Utafiti mzuri, lakini protini ukiimeza tumbo huimeng'enya kama maharagwe. Hizo pesa za vidonge vya mtandaoni kapimie LDL.

Ukipewa kolesteroli ya jumla peke yake, usikubali. Omba na HDL, kisha uitoe kwenye jumla; kinachobaki ndicho cha kuangalia, maana ndicho kinachodhuru mishipa. Jumla 5.0 yenye HDL 1.1 inabakisha 3.9, jumla 5.4 yenye HDL 1.9 inabakisha 3.5. Huyo wa pili ndiye aliyeambiwa amezidi. Na kwa kipimo cha kawaida si lazima ushinde njaa. Kunywa chai yako uje. Trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, zikiwa juu sana ndipo tutakuambia urudi kesho ukiwa hujala.