Pumu ya mzio: dawa ya kila siku isiachwe kifua kikitulia

Pumu ya mzio huanzaje?
Huamshwa na vitu ambavyo wengi haviwadhuru: vumbi la nyumbani, paka, mende, ukungu wa ukutani, chavua. Mwili wenye mzio huvipiga vita, mirija ya hewa ikavimba, ikabana na kujaa makohozi. Haiambukizi.

Mbona kifua hunibana zaidi usiku?
Chunguza kitanda kwanza. Utitiri wa vumbi, vidudu vidogo mno, hauonekani kwa macho. Huishi kwenye godoro na mito, ukila magamba ya ngozi yetu. Hustawi penye unyevu, kwa hiyo watu wa pwani wana kazi zaidi. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60, na futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Na udi jamani, usifukizwe chumba anacholala mgonjwa: moshi wake huchokoza mirija, kama ule wa kuni.

Nina inhela ya bluu. Haitoshi?
Haitoshi, na hapa ndipo tunapopoteza watu. Salbutamoli, dawa iliyomo humo, hufungua mirija kwa saa chache tu. Uvimbe unabaki palepale. Uvimbe hutulizwa na inhela ya steroidi, kama beklometasoni, inayovutwa kila siku hata ukijiona mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu, GINA, haupendekezi mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000.

Steroidi haitanifanya mtumwa wa dawa?
Hapana. Kipimo ni cha mikrogramu, na dawa huingia moja kwa moja mapafuni. Ukishavuta, sukutua kwa maji uteme, usije ukapata fangasi mdomoni.

Mtoto hawezi kuvuta vizuri. Nifanyeje?
Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako inhela ikae bila kuvujisha. Abane mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja, apumue taratibu mara kadhaa. Utafiti wa Cape Town wa 1999, kwa watoto wa miaka 5 hadi 13, ulionyesha chupa hiyo inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua, kiitwacho spacer. Wadogo zaidi wanahitaji spacer yenye barakoa.

Lini nikimbilie hospitali?
Mgonjwa asipoweza kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au salbutamoli isipomsaidia. Mketishe wima, usimlaze. Mpe mibonyezo 4 ya salbutamoli, mmoja mmoja, na rudia kila dakika 20 mkiwa njiani.